Mwaga Mbele ya Kugusa

Shangazi yangu Vestina, dada ya baba, alikuwa anatengeneza kasiksi kule Rutshuru, nilikokaa kwake, na wakati huo sikujua hata kwamba mutu anaweza kuishi kwa kupangusa vioo vya watu. Nawaambia hii kwanza hata kama haiingii katika habari yetu. Nafikiri haiingii. Mutaona wenyewe.

Kasiksi ni pombe ya ndizi, kwa ninyi muliozaliwa juzi na munajua tu ile ya chupa. Unaivisha ndizi katika shimo, unazikamua na majani makali, unachuja, unatia unga wa mutama uliokaangwa, unafunika na majani ya mugomba, unafunga kamba, unaacha. Kazi yote iko katika hilo neno la mwisho. Miye sikuweza kuacha. Wakwe walikuwa wanakuja kumuposa binti wa shangazi, na pombe ilikuwa ya siku hiyo. Kila mara shangazi akienda shambani, nilifungua kamba nikafunua majani kuangalia. Pombe inapiga mapovu, inanung'unika, mutu anapenda kuisikiliza. Nilifunika, kisha kidogo nikafunua tena.

Siku wakwe walipoketi, muzee wao alivuta na murija, akavuta tena ili aone kama hakukosea, akasema kwa heshima kubwa sana, "Hii ni pombe ya watu wenye meno ya nguvu."

Ilikuwa imegeuka siki. Shangazi alikwenda nyuma ya nyumba akaangalia kamba. Nilimuona akiishika. Miye ni mutu wa kushoto, kila kitu ninachofunga kinageukia upande wake, na katika nyumba ile hakukuwa mutu mwingine wa kushoto. Akarudi mbele ya wageni akasema, "Ndizi zangu mwaka huu zilikuwa mbaya, munisamehe." Wakwe walisamehe, binti aliolewa, na shangazi hakuniambia neno hata moja juu ya ile kamba mpaka anakufa. Afadhali angenipiga. Fimbo inaisha.

Ile siki hakuimwaga. Aliiweka katika mutungi nyuma ya jiko na akawa anasugulia nayo masufuria yaliyoungua. Na dirisha. Nyumba ya shangazi ilikuwa na kioo kimoja tu, kikubwa kama daftari mbili, bwana yake alikileta toka shamba la kahawa alikokuwa anafanya kazi. Alichovya kitambaa katika siki, akapitisha, na kile kioo kikawa kinang'aa mpaka jogoo wa jirani akaja kupigana na jogoo aliyemuona ndani. Alipigana asubuhi yote. Hatukumufukuza, tulikuwa tunacheka.

Njo hapo siki iliingia katika kichwa changu na kukaa. Kwa hiyo pengine habari inaingia.

Sasa ninyi vijana wa Katoyi, hapa Goma, munaokuja kwangu na simu munataka kunirekodi, "Muzee Bahati, tupatie formule", mimi nimeandika hapa katika daftari juu ukinirekodi napoteza njia. Hata nikiandika napoteza, lakini karatasi inangoja. Nilifika darasa la tatu tu, munisamehe herufi. Naona munavyouza kule sokoni Birere ile maji ya rangi ya bleu katika chupa za maji zilizookotwa. Nilinunua moja. Ni maji, rangi, na harufu ya kinyozi. Nilipangusa nayo dirisha langu na sasa nikiangalia nje, jirani yangu ana ndevu ambazo hana.

Formule ni hii. Maji ya mvua vikombe vitatu. Siki kikombe kimoja. Kanyanga, ile pombe kali, nusu kikombe. Sabuni ya maji, tone kama chozi la mutu mumoja, si la kilio cha musiba. Tikisa polepole isitoe povu. Ni hiyo. Au maji ni vinne? Miaka yote nilipima kwa mukono, na mukono hauwezi kuandika. Mwalimu wangu alipima kwa sikio. Alimwaga maji katika chupa akisikiliza sauti inavyopanda, akasema "hapo", na hapo ilikuwa hapo. Ukitumia vitatu na kioo kikanuka sana, weka vinne.

Maji ya mvua, nimesema. Si maji ya ziwa. Maji ya Kivu ni mazuri kwa kuoga, lakini yakikauka juu ya kioo yanaacha madoa meupe kama muti ambao kuku wamelalia, na ukiyarudia kila siku yanashika kama simenti. Na mvua yenyewe, si kila mvua. Mulima wetu wa moto unavuta sigara usiku na muchana, munajua. Mvua ya kwanza inaosha moshi ule na inaosha bati la nyumba na lile vumbi jeusi. Iache iende. Hesabu muda wa kula muhogo mumoja wa kuchoma, kisha weka bidoni, dumu lako, chini ya bati. Kanyanga ni kwa kukausha upesi, maji yasipate nafasi ya kuchora mistari. Siki inakula yale madoa meupe. Karatasi ya jurnali, gazeti la zamani, inapangusa kuliko kitambaa, lakini leo jurnali iko wapi? Watu wote wanasoma katika simu, na simu huwezi kuikunjakunja.

Hapana fanya kazi jua likipiga kioo. Na hapana changanya siki na javel, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hata Mama mwenye nyumba akikuambia zote mbili zinasafisha. Nilichanganya mara moja katika bafu ya watu, mulango umefungwa, nikifikiri wawili wenye nguvu wakikutana watafanya kazi ya wanne. Ikatoka harufu ikanishika koo kama mukono. Nilitoka kwa magoti. Zamu wa parseli, yule mulinzi, alifikiri nimeingiwa na pepo akaanza kuniombea kwa jina la Yesu, na miye siwezi hata kumuambia ni javel. Niliokoka, lakini yeye alishuhudia kanisani kwamba ni maombi yake. Sikumukatalia.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Ramazani, muislamu wa kabila za Maniema, babu zake walikuja na biashara. Mutu mwembamba, kofia nyeupe kila siku, suruali imepigwa pasi hata kama anakwenda kupanda ngazi. Tulikutana nilipokuwa napiga mawe. Kazi yangu ya kwanza Goma ilikuwa hiyo, kupiga mawe ya volcano kwa nyundo, yanakuwa madogo, wanajengea kuta. Mukifanya kazi ile munajua kwamba vumbi la jiwe letu si vumbi kama la Rutshuru. Lile la Rutshuru ni udongo, linakupaka. Hili la Goma linakata. Jioni ulikuwa unaosha mikono, unaona damu ndogondogo, huna habari ulikatwa saa ngapi. Nilipiga mawe miaka saba. Kumbukeni hiyo, miaka saba vumbi lile linanikata vidole, juu itanihukumu mbele.

Papa Ramazani alipita akaniona nakunywa maji kwa mukono wa kushoto, akasimama.

"Weye ni wa kushoto?"

"Ndiyo, Papa. Kuna ubaya?"

"Kwa kula, kwetu kuna. Kwa vioo hakuna. Miye nafanya upande wa kulia, natafuta mutu wa upande mwingine. Tukikutana katikati kazi inaisha."

Njo hivyo. Nilitupa nyundo siku ileile, nilikuwa na miaka thelathini na miwili na muke na batoto wawili. Tulikuwa tunapanga ngazi mbili, yeye kulia, miye kushoto, tunaanza kwenye pembe, tunakutana katikati ya kioo kama watu wanaosalimiana.

Jambo lililowachekesha watu Birere ni kanyanga. Papa Ramazani hakuwahi kuonja pombe, na kila juma alikuwa mbele ya Mama muuza kanyanga na kichupa chake, akikishika na kitambaa kama mutu anayeshika mukia wa panya.

"Papa Ramazani, umerudi?" yule mama alimuambia. "Hii Ramazani yako inaanza mwezi gani?"

"Ni ya vioo, Mama."

"Vioo vyako vinakunywa kuliko bwana yangu."

"Bwana yako akikunywa, muji wote unamuona. Kioo kikikunywa, hakuna anayekiona."

Yule mama alicheka mpaka akamuongezea. Kisha Papa akachoka kuchekwa akaanza kunituma miye, na miye, nasema ukweli juu ni muzee na sina kazi tena ya kupoteza, njiani nilikuwa naonja. Kidogo. Naongeza maji kufunika. Siku ya tatu tulisafisha vioo vya duka moja na maji hayakauki, yanachora mistari kila mahali kama daftari la mutoto. Papa akaangalia kioo, akaniangalia, akanusa chupa toka mbali na pua lake la mutu asiyekunywa.

"Leo kanyanga imetembea sana," akasema. "Imechoka njiani."

Sikuonja tena. Hata leo sijui kama alikasirika. Alikuwa mutu ambaye huwezi kujua, na njo tatizo langu lote, hilo njo ninalotaka muniambie ninyi munaosoma, juu miye limenishinda.

Alinifundisha neno moja kuliko mengine. Mwaga mbele ya kugusa. Kioo cha Goma kina vumbi lile la jiwe hata kama hulioni. Kwanza unamwaga maji mengi toka juu, maji yachukue muchanga, yashuke nao. Unamwaga tena. Njo unatia dawa, njo karatasi. Ukigusa kioo kikavu, hausafishi, unakwangua. "Muji huu umejengwa juu ya wembe," alisema. Miaka ishirini na zaidi alikuwa hajakwangua kioo cha mutu, na watu walimuita kwa sababu hiyo tu. Nyumba za kando ya ziwa zenye vioo vikubwa vilivyotoka mbali, walisema, tafuteni yule muislamu, mukono wake hauachi alama.

Kisha macho yake yakaanza kufungika.

Ilikuwa polepole. Kwanza alisema nuru ya ziwa imekuwa nyingi. Kisha akaanza kuacha mistari upande wake, yeye, Papa Ramazani. Nilipoangalia macho yake karibu niliona wingu jeupe katikati, kama doa la maji ya ziwa. Niliwaza, Mungu anisamehe, kwamba siki ingelitoa.

Hatukuzungumza juu yake. Siku moja tu, juu ya ngazi, akasema, "Nikiacha mustari, kohoa." Nikaanza kukohoa. Mara moja, mustari uko juu. Mara mbili, uko chini. Yeye anarudi hapo, anapitisha karatasi, anasikiliza. Kioo kikiwa safi karatasi inalia, kama ndege mudogo, na akisikia kile kilio anatulia. Tulifanya kazi hivyo karibu miaka miwili na hakuna mwenye nyumba aliyejua.

Nyumba yetu kubwa ilikuwa ya Mama Riziki, mufanya biashara wa vitenge, mujane, mutu wa sauti na wa moyo. Alijenga kando ya ziwa, na chumba cha wageni kilikuwa na vioo vinne toka chini mpaka juu, vikubwa kama milango ya kanisa. Tulikwenda kwake kila juma. Papa aliishi kwa kazi ile, na nyumba nyingine zote zilimuita juu Mama Riziki alimusifu. Mama Riziki akisema "huyu haone tena", siku ileile muji wote ungemufungia. Muzee wa vioo asiyeona, nani atamufungulia mulango? Alilijua hilo, na miye nililijua, na kila nikikohoa nilikuwa nashikilia chakula chake.

Mama Riziki alifikiri nina ugonjwa. Alinipa sirop.

"Bahati, hicho kikohozi chako haiishe? Kunywa hii kijiko kimoja asubuhi."

"Aksanti, Mama."

"Na uende ukapige picha ya kifua. Usiniletee kifua kikuu katika pazia zangu."

Papa Ramazani, juu ya ngazi, mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nilikunywa sirop yote. Ilikuwa tamu.

Nimesema nyumba zote zilimuita. Kuna kitu kingine nilipaswa kusema mbele na nimekizunguka kama kuku anayezunguka jiko. Siku moja Mama Riziki aliniita pembeni, Papa akiwa anafunga vitambaa. "Bahati, muzee wako amechoka. Siku akiacha, weye unaweza peke yako?" Nikasema, "Naweza, Mama." Ningeweza kusema, "Hajachoka." Ningeweza kusema, "Sijui." Nilisema naweza, na nilirudi nyumbani Katoyi nikitembea kama mutu aliyevaa viatu vipya.

Sasa mufikirie siku yenyewe.

Binti wa Mama Riziki alikuwa anaolewa siku ya posho, Jumamosi. Tulikwenda siku moja mbele ya harusi. Wiki ile mvua ilikuwa haijanyesha, na upande wa pili wa barabara jirani alikuwa anajenga ukuta, watu watatu wanapiga mawe toka asubuhi, kazi yangu ya zamani kabisa. Upepo ulikuwa unaleta vumbi lao lote. Vioo vinne vilikuwa vimevaa koti la kijivu. Tanki la mvua la nyumba lilikuwa limekauka, wapishi wamemaliza maji.

Papa alipitisha kidole kwenye pembe ya kioo, akasugua kidole na kidole. "Ni wembe mutupu," akasema. "Najua nyumba yenye maji ya mvua, naenda kuomba bidoni mbili. Usiguse." Akachukua bidoni akatoka, akihesabu hatua kama alivyokuwa akifanya.

Nilingoja. Muda ukaenda. Nilimuwaza njiani na macho yale na bidoni mbili. Mama Riziki akatokea, kitambaa kichwani, simu mukononi, watu wa mapambo nyuma yake.

"Bado? Hawa wanataka kuweka maua mbele ya vioo. Muzee iko wapi?"

"Amekwenda kutafuta maji, Mama."

"Na hiyo chupa mukononi mwako ni nini? Si dawa ni hiyo?"

"Ni dawa."

"Si ulisema unaweza?"

Ndiyo, nilisema. Na nilikuwa na chupa imejaa, na jurnali, na mukono wa kushoto. Niliwaza kwamba dawa pia ni maji. Niliwaza nitie nyingi. Niliwaza pia, nikisema ukweli, kwamba Papa akirudi akute vioo vinne vinang'aa, na Mama Riziki amesimama hapo anaona nani amevifanya. Nikanyunyiza, nikapangusa. Karatasi haikulia kama ndege. Ilitoa sauti ya mutu anayekula ugali wenye muchanga. Nilisikia sauti ile. Miaka saba niliishi nayo, naijua kuliko sauti ya mama yangu. Nikaendelea. Kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vikiwa bado na maji vilikuwa vizuri sana, Mama Riziki akasema, "Unaona?" akaenda zake jikoni.

Kisha vikakauka, na jua likazunguka likaingia.

Mumeshaona kioo kilichokwanguliwa jua likikipita? Ni kama buibui wamekaa humo miaka. Duara juu ya duara, nyeupe, nyembamba, toka juu mpaka chini, na kila duara inageuka upande wa kushoto kama kamba za shangazi Vestina. Nilitia dawa tena. Madoa yanatoka, mukwaruzo hautoki. Nikatia siki tupu. Nikapumulia kwa kinywa, nikapangusa na shati langu. Hautoki. Mutu akikuambia kuna dawa ya kutoa mukwaruzo, anataka kukuuzia kitu.

Nyuma yangu bidoni zikawekwa chini. Papa Ramazani alikuwa amerudi, kofia yake imelowa jasho. Hakuuliza. Labda alinusa dawa, labda alisikia namna nilivyokuwa nahema. Alikwenda kwenye kioo cha kwanza akapitisha ukucha wa kidole kidogo, polepole, akifuata duara moja mpaka mwisho. Akafuata nyingine. Akaenda cha pili. Vidole vyake vilikuwa vinageuka kushoto, kushoto, kushoto, na miye nilisimama nikiviangalia kama mutu anayesomewa barua yake mbele ya watu.

"Papa," nikasema.

"Kingine kimebaki?"

"Cha nne. Sijakigusa."

"Vizuri."

Mama Riziki aliingia na wale wa mapambo, akaona. Alikuwa mutu wa sauti, nimesema, lakini safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, na njo iliyonitisha.

"Hii ni nini? Vioo vyangu. Nani amefanya hii? Bahati?"

Nilifungua kinywa. Naapa kilifunguka. Lakini kikohozi njo kilichotoka, kikohozi cha kweli, cha hofu, mara moja. Na Papa Ramazani akageuka upande wa Mama Riziki kama kwamba nilikuwa nimemuonyesha mahali.

"Ni miye, Mama Riziki."

"Papa Ramazani? Weye?"

"Nilipita asubuhi na karatasi kavu, mbele ya kwenda maji, Bahati alitia tu dawa juu yake. Sikuona muchanga."

"Haukuona muchanga, na imejaa hivi? Hata mupofu angeona."

"Njo hivyo, Mama. Ni macho."

Mama Riziki alimuangalia usoni, karibu, nafikiri kwa mara ya kwanza, akaona wingu jeupe. Hasira ikamutoka, na mahali pake kikaja kitu kingine ambacho kwa Papa kilikuwa kibaya zaidi. Akasema, "Pole, Papa. Ungesema." Kisha akaniambia miye, "Bahati, toka leo nyumba hii ni yako."

Niliifanya miaka kumi na moja. Nyumba zote za Papa zilikuja kwangu, moja kisha nyingine. Batoto yangu wamesoma kwa vioo hivyo. Mama Riziki hakubadilisha vile vitatu, aliweka pazia, na kila juma nilisogeza pazia nikamwaga maji mbele ya kugusa, na jua likifika mahali pake zile duara zinaamka. Nilitaka kumuambia. Nilijiambia nitamuambia kisha ya harusi, kisha ya mwaka mupya, kisha akahamia Kampala kwa binti yake. Nilimutafuta Papa pia, nilikwenda kwake siku ya pili. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Mupangaji mumoja alisema amerudi Kasongo, mwingine akasema amevuka mupaka kwa mutoto wa dada yake. Musikitini walisema tu Mungu anajua. Miaka yote nauliza na kila mutu ana njia yake aliyompitisha.

Na sijui. Alinifunika, kama shangazi? Au alinifunga? Juu mutu akikufunika unalala vizuri, na miye sijalala vizuri. Pengine hata hakuniwaza, alichoka kuficha macho akapata mulango akatoka. Muke wangu anasema ni upendo. Rafiki yangu wa kupiga mawe anasema ni adabu kali kuliko kiboko. Nikikaa na mumoja namusadiki, nikikaa na mwingine namusadiki. Ninyi wenye formule katika simu, mutafute kama iko humo.

Siku ile, mbele ya kwenda zake, Mama Riziki akiwa ameshatoka na wale wa maua, Papa alifanya kioo cha nne.

Aliinua bidoni ya kwanza akamwaga toka juu, maji yakashuka meusi. Akamwaga ya pili, yakashuka kijivu, kisha meupe. Akanyoosha mukono, nikampa chupa. Akanyunyiza, akakunja karatasi, akaanza pembe ya kulia. Mimi nilisimama upande wangu wa kushoto, kama kila siku, na hakuniita. Alikwenda mpaka katikati mahali tunapokutana, akapita. Akaingia upande wangu, akaumaliza. Karatasi ililia kama ndege toka mwanzo mpaka mwisho.

Nilikuwa nangoja kukohoa. Niliangalia juu, niliangalia chini. Hakukuwa na kitu cha kukohoa. Ungeweza kutia mukono ukagusa ziwa.

Akasuuza kitambaa chake katika maji yaliyobaki, akakikamua, akakianika kwenye mudomo wa ndoo. Ndoo akaiacha. Ngazi akaiacha. Akatengeneza kofia, akapita uani, akamusalimia zamu kwa jina lake, akageuka upande ule walipokuwa wanapiga mawe. Wale vijana walisimamisha nyundo ili apite bila vumbi. Alipita, wakaanza tena kupiga, na hakurudi.